Jaduong' wa Upande wa Pili

"Huyo unayemwiga ni mwanamke."

Nyasuguta hakuinua sauti aliposema hivyo, lakini ngoma zilinyamaza, gita likanyamaza, na Jared akabaki mdomo wazi katikati ya neno. Ilikuwa Jumapili alasiri, mwezi wa Agosti mwaka wa 1968, ndani ya ghala tupu la pamba karibu na gati ya Homa Bay. Bendi ya Asego Brothers ilifanyia mazoezi humo kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyelitaka.

"Mwanamke gani?" Jared akauliza.

"Huyo wa kwenye santuri. Mnayemwita Jaduong'."

Gichana, mpiga ngoma, alicheka mpaka kijiti kimoja kikamponyoka.

"Mwalimu, sauti nene namna hii iwe ya mwanamke? Mama huyo anakula nini?"

"Labda anakula mama wenzake," akasema Elkanah wa gita, na wote wakacheka tena.

Nyasuguta hakucheka. Alifundisha darasa la sita Migori na kuongoza kwaya ya Waadventista huko, na kwa mwaka mzima alikuwa akisafiri hadi Homa Bay kila alipopata nafasi, kumsikiliza mtu ambaye yeye mwenyewe hakuwa hodari wa kusikiliza.

Santuri ile ililetwa na baharia mmoja wa meli ya Kisumu. Karatasi ya katikati ilikuwa imebanduka, kwa hiyo hakuna aliyejua jina la wimbo wala la mwimbaji. Upande wa kwanza ulikwaruzika, haupigiki. Upande wa pili ulikuwa na sauti nzito ya kukokota, kama mtu anayeomba msamaha huku amebeba gunia begani. Siku ya kwanza kuisikia, Jared alitangaza kwamba muziki wa soul ndio huo, na wengine wote ni wanafunzi. Wakambatiza mwenye sauti Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, na wimbo wakauita Upande wa Pili.

"Sikiliza anavyovuta pumzi," Nyasuguta alisema. "Hakuna binadamu anayevuta pumzi taratibu hivyo. Ng'ombe akinywa maji, sawa. Na sauti yake inapotetemeka, inatetemeka kama kitanda kibovu. Gramafoni yenu inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Ikizunguka polepole, sauti inashuka. Ikishuka sana, mama anakuwa baba."

"Gramafoni niliitengeneza mimi," Gichana akasema, na kicheko kikamwisha. "Mkanda ulikatika, nikakata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli. Unazunguka vizuri kabisa."

"Unateleza. Mkipiga Otis Redding hapa, sauti iko chini kuliko anavyopigwa redioni. Hamjagundua?"

"Redio ndiyo ina haraka," Gichana akajibu. "Wanataka kuwahi taarifa ya habari."

"Basi nipeni santuri niipeleke Migori. Yuko fundi redio mwenye gramafoni nzima. Tutasikia, tutajua, yaishe."

"Santuri haitoki humu," Jared akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haitoki. Nyasuguta, soul si hesabu za darasa la sita. Otis alipokufa na ile ndege mwezi wa Desemba, watu wazima walilia hapa Homa Bay, na hawakujua hata nusu ya maneno yake. Walihisi. Sam Cooke, unamhisi. Wilson Pickett, unamhisi. Jaduong' huyu anawapita wote, na wewe unahesabu pumzi zake!"

"Hao wote uliowataja walianzia kuimba kanisani. Huko walifundishwa kushika sauti kwanza, kulia baadaye. Na orodha yako haina mwanamke hata mmoja. Aretha Franklin yuko wapi?"

"Aretha ni mzuri," Jared alisema, kwa sauti ya mtu anayesifu uji wa jirani. "Lakini soul yenyewe, ile ya kutoka tumboni, ni ya mwanaume anayeomba. Wanaume hawaombi kila siku. Ndiyo maana inauma."

"Shemeji, umeshindwa," akasema Elkanah.

"Usiniite shemeji. Sijaolewa na mtu."

Jared alimfuata nje mpaka kwenye gati. Alikuwa kijana mrefu, karani wa idara ya uvuvi, na shati lake la kazini lilikuwa na harufu ya samaki hata Jumapili.

"Jaber, usikasirike mbele ya vijana," alisema. Alimwita hivyo, mrembo, kila alipotaka kukwepa jambo.

"Sikukasirika. Nilieleza."

"Wiki mbili zijazo ni mashindano. Migori, kwenu. Ni sisi na bendi ya Kisii. Atakayeshinda anapelekwa Nairobi kurekodi. Nikipata santuri yenye jina langu, baba yako hataniita tena mpiga kelele. Kwani wewe hutaki?"

"Nataka. Ndiyo maana niliwaandikia maitikio."

Hilo lilikuwa kweli. Sauti tatu za kuitikia, zile ambazo watu wa Homa Bay walizipigia makofi kabla hata Jared hajafungua mdomo, alizipanga Nyasuguta. Alizichukua kwenye namna kwaya yake inavyomjibu kiongozi, akaziandika kwa do-re-mi, akawafundisha vijana mmoja mmoja ghalani.

"Nilikuuliza swali mwezi wa sita," Jared akasema. "Hapa hapa kwenye gati. Utanioa au hutanioa?"

"Mwanamke haoi."

"Unaona? Unasahihisha hata posa! Utakubali nikuoe?"

"Nitakujibu siku utakayonisikia."

"Nakusikia kila siku."

"Unanitazama, Jared. Kunisikia bado."

* * *

Mzee Onsongo alihamia Migori kutoka Gusii akiwa kijana, akafungua duka la mbegu na majembe. Juu ya rafu aliweka redio moja, kwa ajili ya habari na bei za mahindi. Muziki ukianza, aliizima. Alhamisi ile hakuizima, kwa sababu mtangazaji alisema: "Na sasa tunawaletea vijana tuliowatembelea Homa Bay, Asego Brothers."

Barazani, Filister, fundi cherehani na rafiki wa Nyasuguta tangu shule, alisimamisha mashine yake.

"Ni bwana yako huyo!"

"Si bwana yangu," Nyasuguta alisema, lakini aliisogelea redio.

Waliimba Upande wa Pili. Jared aliomba na kukokota, na maitikio yakamjia nyuma yake kama maji yanayorudi ufukweni. Hata Mzee Onsongo alitikisa kidole kimoja, akakigundua, akakificha.

"Vijana, hongereni," mtangazaji alisema. "Hizi sauti za kuitikia zimenishangaza. Nani alizipanga?"

Redio ilinyamaza kidogo. Nyasuguta alijua ukimya ule. Ndio ukimya wa mwanafunzi anayechagua kati ya kusema ukweli na kupita mtihani.

"Ni mimi mwenyewe," ilisema sauti ya Jared. "Zilinijia tu. Usingizini."

Cherehani haikuendelea. Mzee Onsongo aliizima redio, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo.

"Zilimjia usingizini," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Uliziandika kwenye meza yangu. Ukamaliza mafuta ya taa yangu. Mimi ndiye niliyelala usingizi siku hizo, na hakuna kilichonijia."

Filister akacheka, kisha akaufunika mdomo.

"Nyasuguta, mwanangu, sikiliza. Kijana huyu ni Mjaluo, ni Mkatoliki, na ni mwimbaji wa baa. Mawili katika hayo ningeyavumilia, na nilikuwa nimeshaanza kuchagua yapi. Lakini mwongo siwezi. Ukisema hapana, sitakuuliza kwa nini. Ukisema ndiyo, nitakuuliza kila siku."

"Sijasema chochote, baba."

"Basi useme, watu wake waache kutuma salamu za posa."

Posta ya Migori ilikuwa na simu moja ya umma, na maongezi ya mbali yalipitia kwa opereta ambaye hakuona sababu ya kujifanya hasikii.

"Homa Bay, ofisi ya uvuvi. Ongea, Migori."

"Jared?"

"Jaber! Umetusikia? Mji mzima umetusikia! Bosi wangu amenipa mkono!"

"Nimesikia. Zilikujia usingizini."

Waya ulikwaruza.

"Nyasuguta, elewa. Aliniuliza ghafla. Ningesemaje? Kwamba maitikio ya bendi ya wanaume yameandikwa na mwalimu wa kwaya? Wangetucheka mpaka kisiwani Mfangano."

"Ungesema ukweli. Ni maneno matatu. Aliyapanga Bathsheba Nyasuguta. Hesabu."

"Ni yetu sote. Mimi na wewe ni kitu kimoja."

"Kitu kimoja chenye jina lako."

"Tukifika Nairobi nitasema. Nakuapia."

"Na Jaduong'? Umebadilisha mkanda?"

"Bado uko hapo? Mungu wangu, mwanamke huyu! Nimekuomba uwe mke, sikukuomba uwe mkaguzi wa shule!"

"Muda wenu umekwisha," opereta akaingilia. "Mnaendelea?"

"Hapana," Nyasuguta alisema.

"Hata mimi nisingeendelea," akasema opereta, na akakata.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, tarishi alimletea Nyasuguta simu ya maandishi shuleni:

KESHO MASHINDANO. NJOO TAFADHALI. BILA WEWE SIWEZI. JARED.

Aliisoma mara moja, akaenda posta saa ya chakula, akatuma jibu:

NANI ALIPANGA MAITIKIO. NYASUGUTA.

Hakuna kilichorudi.

* * *

Siku ya Sabato hakuenda popote ila kanisani. Jua lilipotua, Sabato ikaisha, Filister akaja akiwa amevaa gauni alilojishonea la rangi ya chungwa.

"Twende."

"Siendi kumtazama."

"Nani alisema tunaenda kumtazama? Tunaenda kuona akishindwa. Hiyo ni burudani halali."

Ukumbi ulijaa wafanyabiashara wa sokoni, makarani, na wachimba dhahabu kutoka Masara waliofika na viatu vya matope. Jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta. Nyasuguta alisimama karibu na mlango, mahali ambapo, mzee wa kanisa akimkuta, yeye angeweza kudai kwamba anapita tu. Mkononi alikuwa na mkoba wake wa shule. Asego Brothers walikuwa wamejipanga kando, wamevaa mashati yanayofanana. Jared alimwona, akainua mkono. Nyasuguta hakuinua wake.

Bendi ya Kisii ilianza. Mwimbaji wao aliitwa Bonareri, msichana mfupi mwenye sauti ya kufungua milango.

"Wimbo huu wa kwanza," alisema kwenye maikrofoni, "nimefundishwa na dada yetu mmoja wa Amerika, ingawa hanijui. Kaka yangu alininunulia santuri yake Nairobi."

Gita lilipiga kiingilio. Nyasuguta alikitambua kabla hakijafika katikati. Kilikuwa Upande wa Pili, lakini kimeamka. Kilikuwa kimevua gunia, kimeoga, kinatembea. Bonareri alishika neno la kwanza juu, mahali ambapo Jared hangefika hata kwa ngazi, na ukumbi mzima ukainuka kucheza. Haukuwa wimbo wa mtu anayeomba msamaha. Ulikuwa wimbo wa mwanamke anayemwambia mtu mlango uko wapi.

Gichana alimgeukia Elkanah, mdomo wazi.

"Omera, ndugu yangu," alisema, "Jaduong' ni mama."

Jared alikuwa amekauka.

Alimkuta Nyasuguta nje, karibu na jenereta, ikabidi wapige kelele ili wasikilizane.

"Ulijua!"

"Nilikuambia!"

"Uliniambia lini?"

"Nilikuambia! Mbele ya watu watatu! Nilieleza na sababu!"

Jared alikaa juu ya pipa tupu la mafuta.

"Sasa wimbo wetu ni upi? Tukipanda na ule wetu watatuuliza kwa nini tunaimba wimbo wa watu kwa usingizi. Tukiuharakisha siwezi kufika kule juu. Tumekwisha. Tujitoe."

"Msijitoe."

"Basi furahi, Nyasuguta. Ulikuwa sahihi. Umeshinda."

"Nimechoka kuwa sahihi peke yangu!" alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda kuliko jenereta. "Unadhani nafurahia? Mwaka mzima nasema jambo, mnacheka. Naandika jambo, linakuwa lako. Nasahihisha jambo, nakuwa mkaguzi. Siku Bonareri anapolisema kwenye maikrofoni ndipo unalisikia. Mimi nifanye nini, nije na jenereta?"

Jared alivua kofia yake. Na hakusema jaber.

"Sikiliza sasa," Nyasuguta akaendelea kwa sauti ya kawaida. "Ule ulioimbwa ndani ni wa yule mama wa Amerika, na ndivyo alivyouimba. Huo ni ukweli. Lakini ule wenu si uongo. Ni wimbo mwingine. Umetengenezwa na tyubu ya baiskeli, na sauti yako nene, na kwaya yangu. Hakuna mwingine anayeuimba hivyo, kwa sababu hakuna mwingine mwenye gramafoni mbovu kama yenu. Uimbe polepole vile vile. Useme tu umetoka wapi."

"Niseme mbele ya watu wote hawa?"

"Uliposema uongo, walikuwa wengi zaidi."

Nyasuguta alirudi ndani bila kumngoja.

Asego Brothers walipanda. Watu walikuwa bado wanamshangilia Bonareri, na mtu mmoja wa Masara akapaza sauti, "Samaki wamefika!" Jared alishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Tutaimba wimbo ambao mmeusikia sasa hivi," alisema. "Msicheke kabla sijamaliza. Gramafoni yetu ilikuwa mbovu. Tukajifunza wimbo wa mwanamke tukidhani ni wa mzee. Tulimwita Jaduong'."

Wakacheka. Alingoja wamalize.

"Kuna mtu alituambia ni mwanamke. Tulimcheka yeye, kama mnavyotucheka sisi. Tena nilisema redioni kwamba maitikio nimeyapanga mimi. Ni uongo. Hayakunijia usingizini. Yalipangwa na mwalimu Bathsheba Nyasuguta, binti wa Mzee Onsongo wa duka la mbegu hapa Migori. Yeye ndiye aliyetufundisha. Sisi tunafungua midomo tu."

Gichana aliinua vijiti. Jared akamzuia.

"Bado. Nimeisikia ile sauti ya Bonareri, na yetu imenipotea. Nikianza sasa nitaanza vibaya." Alitazama mlangoni. "Mwalimu. Naomba utupe sauti."

Ukumbi mzima uligeuka. Nyasuguta alifikiria baraza la kanisa, kwaya, na watakachosema kesho. Kisha akafungua mkoba, akatoa chuma kidogo chenye meno mawili alichotumia kuipa kwaya sauti, ambacho ukikigonga kinatoa sauti moja tu, isiyobadilika, na akatembea katikati ya watu mpaka mbele. Hakupanda jukwaani. Alikigonga kwenye ukingo wa mbao na kukiinua.

Chuma kile hakina kelele. Ili kukisikia, lazima usogee. Jared alipiga magoti jukwaani, akainama mpaka sikio lake likagusa vidole vya Nyasuguta, na akakaa hivyo, kimya, hadi sauti ilipoisha yenyewe. Nyasuguta hakuwahi kumwona akinyamaza muda mrefu kiasi hicho.

"Shuka kutoka hapo hadi do yetu," alimnong'oneza. "Unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

Waliuimba polepole. Watu hawakucheza. Walisimama tu, na maitikio yalipoingia, Filister alianza kulia na kuilaumu jenereta kwa moshi.

Waamuzi walimpa ushindi Bonareri, na walikuwa sahihi. Asego Brothers wakawa wa pili. Bendi zilikuwa mbili.

Jared alimsindikiza hadi mbele ya duka, Filister akiwa hatua chache mbele, akijifanya hasikii kwa ustadi zaidi kuliko opereta wa posta. Taa ya dukani ilikuwa bado inawaka. Mzee Onsongo alikuwa amekaa barazani na hakusimama.

"Nimeambiwa jina langu limetajwa kwenye dansi," alisema.

"Ndiyo, mzee," Jared akajibu. "Nilisema ukweli, nikashindwa."

"Yote mawili nimeyasikia." Akamgeukia kijana. "Watu wako wanaweza kutuma salamu. Sijasema zitajibiwa. Mwenye kujibu yuko hapo." Akaingia ndani, akaacha mlango wazi.

Jared alizungusha kofia mikononi.

"Nairobi imepotea," alisema. "Gichana amesema ataitupa tyubu ile."

"Asiitupe. Aiweke. Mtakata mkanda mwingine kwa ajili ya Otis."

"Nyasuguta, nilikuuliza swali mwezi wa sita."

"Ndiyo," alisema.

Jared aliinua kichwa taratibu.

"Ndiyo uliniuliza, au ndiyo jibu? Sijasikia vizuri."

"Umesikia," Nyasuguta alisema.